Siku Njenga Alipokuja Gereji kwa Kageha

Kageha alimvunja mumewe mkono kwa mtaimbo kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano. Mume huyo, Stephen, alikuwa na mazoea ya kumpiga kila akilewa, na siku hiyo alimfuata mpaka uani walikoweka vyuma vya kazi. Kageha alifunga nguo zake kwenye leso, akatoka, asirudi tena.

Vyuma alivijua tangu utotoni, kwani baba yake alikuwa mhunzi wa majembe kule Maragoli. Alipofika Eldoret alipata kibarua katika gereji moja karibu na mtaa wa Munyaka, akafagia na kupanguza grisi miaka miwili kabla hawajamwachia spana. Leo ana miaka arobaini na miwili, gereji ni yake, na kazi yake ni springi, yale mabapa ya chuma yanayobeba uzito wa gari. Gari lako likilala matako chini, unampelekea Kageha.

Jumanne moja asubuhi Mzee Irungu alimletea pikapu. Alikuwa mkulima wa viazi wa Ainabkoi, mtu wa maneno machache.

"Nataka iinuke huku nyuma, fundi, na iweze kuvuta. Nimenunua trela. Viazi vyangu nitajipelekea sokoni mwenyewe."

"Na Njenga anajua?"

Mzee Irungu alitema mate kando. Njenga alikuwa na malori matatu, na kwa miaka mingi gunia halikutoka upande ule bila kupanda lori lake. Mkulima wa mwisho aliyejaribu kujibebea, gari lake liliteketezwa likiwa shambani.

"Anajua," akasema mzee. "Wewe inua tu."

Kageha aliinua pikapu kwa jeki, akazishusha springi zote mbili za nyuma. Kila moja angeiongezea vipande viwili vya chuma, kisha afunge shoko ndefu zaidi za kuzuia mtikisiko na kuchomelea chuma cha kuvutia trela. Kufikia saa sita upande wa kushoto ulikuwa tayari. Springi ya kulia ilikuwa bado chini sakafuni, vipande vyake vimebanwa kwa klampu, kibanio cha chuma, boliti ya katikati haijaingia. Chuma kilichobanwa namna hiyo ni kama mbwa aliyefungwa kamba mbovu.

Hapo ndipo Njenga alipoingia na vijana wawili, mmoja na rungu, mwingine na nyundo kubwa.

"Mama, kaa kando," Njenga akasema. "Hii gari haivuti kitu."

"Gari ikiwa hapa ni yangu. Tokeni."

Njenga alitikisa kichwa tu, na yule wa rungu akapasua kioo cha mbele. Mzee Irungu, aliyekuwa akisubiri gari lake hapo, alimrukia mkono. Rungu likamshukia kichwani, akaanguka, damu ikachanganyika na oili. Kageha alishika spana kubwa akampiga yule kijana ubavuni, akasikia mfupa ukilia. Kabla hajageuka, Njenga alimkamata nywele kutoka nyuma, akamgonga uso kwenye mlango wa pikapu mara mbili. Jino likatoka. Kageha alipinda shingo, akaukuta mkono wa Njenga, akauma. Aliuma mpaka meno yakakutana na mfupa, na Njenga akapiga ukemi, akamwachilia.

Yule wa nyundo, kijana aliyeitwa Sifuna, alikuwa ameigeukia springi.

"Wewe! Usiguse hiyo! Itakuua!" Kageha akapaza sauti.

"Usinibebe ufala, mathe!" akafoka, akidhani anadanganywa.

Alipiga klampu mara ya kwanza. Alipopiga mara ya pili, klampu iliachia, na kipande cha chuma kikafyatuka kikampata tayani. Sifuna alianguka chali. Taya lilikuwa limehama, likining'inia upande. Njenga alimtazama mara moja tu, akakimbia huku ameshika mkono wake, na yule aliyepigwa ubavuni akamfuata akijikokota.

Kageha alisimama juu ya Sifuna, spana mkononi. Alitaka kummaliza. Ukimwuliza hata leo hatakuficha. Lakini mafundi wa gereji jirani walikuwa wamesikia kelele, wakaja mbio, na mmoja wao alikuja akisukuma tairi kuukuu. Mwingine alibeba petroli kwa chupa.

"Mwizi achomwe!"

Kijana alijaribu kusema kitu. Yakatoka mapovu ya damu. Kageha aliitazama ile tairi. Akamvuka Sifuna kwa mguu mmoja, kijana akawa katikati ya miguu yake, akainua spana upya.

"Hakuna mtu anachomwa kwa gereji yangu. Anayetaka kujaribu, aanze na mimi."

Walimtukana, wakamwita mwendawazimu. Mzee Irungu aliamka kwa shida, damu ikimtiririka shingoni, akaja kusimama kando yake. Chupa ya petroli ikateremshwa. Jirani mmoja mwenye gari dogo la probox akakubali kuwapeleka hospitali wote watatu, Sifuna akiwemo.

Alhamisi, jicho moja likiwa limefumba kwa uvimbe, Kageha alimaliza upande wa kulia. Pikapu ikasimama wima, trela ikafungwa, na Mzee Irungu akaenda nayo Ainabkoi bila kioo cha mbele. Tangu hapo wakulima wengine watano wameleta pikapu zao. Njenga ameshtakiwa, ila kesi inasogezwa kila mwezi, na malori yake bado yanatembea.

Majuzi mama mmoja alifika gereji, akasema yeye ni mamake Sifuna. Mwanawe bado anakunywa uji kwa mrija, taya limefungwa nyaya. Mama huyo mwenyewe hakujua kama amekuja kushukuru au kulaani, akasimama tu mlangoni. Kageha alimsogezea kiti.