Siku Tuliyowaficha Madiwani Choo

Mama yangu hapendi mgeni amkute vibaya. Hata siku alipopata kiharusi na sisi tunahangaika kumwahisha hospitali, alitusimamisha mlangoni kwa ulimi mzito, tumbadilishie khanga kwanza. Ugonjwa ulimwachia mguu wa kushoto usiotii. Nyumba zetu za Mtoni ni nyumba kuukuu za halmashauri, vyumba vinatazamana uani, na choo ni kimoja, huko mwisho wa uwanja. Masika yakiingia, uwanja unajaa maji. Mwaka juzi mama aliteleza humo akiwa peke yake, akakaa matopeni mpaka jirani alipomsikia. Tangu hapo nikawa naenda kazini roho juu.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipotuambia halmashauri imetenga fedha za kujenga nyumba za bei nafuu, mimi nilisikia kitu kimoja tu: choo cha ndani. Yaliyofuata sikuyasikiliza vizuri, na ndiyo yaliyokuwa na maana. Fedha zilitosha mradi mmoja, na walioomba tulikuwa wawili, sisi na wenzetu wa upande wa pili wa kata. Kamati ya madiwani ingetembelea pote pawili pamoja na afisa mipango miji, kisha itoe alama. Ardhi ni ya nani, wakazi wako tayari kupisha ujenzi na kurudi baadaye, na zaidi ya yote, hali ya nyumba ikoje. Wenye hali mbaya zaidi ndio wangeanza.

Sasa jaribu kuwaambia watu wa uani kwetu kwamba waheshimiwa wanakuja kutazama hali yao. Kuta zilipakwa chokaa. Makochi yaliazimwa, mapazia yaliazimwa, kapeti likatoka kwa jirani wa mtaa wa nyuma. Ndoo tulizokingia maji ya paa zilisukumwa mvunguni. Mama, kutoka kitandani kwake, ndiye aliyekuwa jemadari wa shughuli yote, na udi alitaka ufukizwe chumba kwa chumba.

"Mama, wanakuja kuona shida," nilimwambia. "Sasa wataona nini, kapeti la watu?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinijibu. "We unataka waheshimiwa wakae juu ya ndoo?"

Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanitupia lile jicho ambalo tangu utotoni hunitosha, nikaenda kuchambua mchele.

Walikuja siku ya jua kali, uwanja mkavu. Walikula pilau, wakasifu pilau, wakaongezwa pilau. Diwani mmoja, mama wa makamo, akaomba kujisaidia. Nikasema moyoni, haya sasa, Mungu si Athumani. Kabla sijanyanyuka, majirani wawili walikwishamshika huku na huku, wakampeleka nyumba ya mfanyabiashara aliye nyuma ya ukuta wetu, kwenye choo chenye vigae mpaka juu. Akarudi anatabasamu. "Hongereni sana," akasema, "kwa usafi mnajitahidi." Nilitamani kupiga kelele, lakini nilikuwa nimeshika sinia.

Baada ya siku chache mwenyekiti alirudi amefura. Wenzetu walikuwa wametupita kwa alama za hali ya nyumba.

"Nyie mama zangu," alisema, "mmewashibisha watu mpaka wamewaona matajiri! Sie tumeomba nyumba, nyie mkaonyesha kapeti!"

Mama aligeukia ukutani. Nilimwonea huruma kuliko nilivyomkasirikia.

Pendekezo la kamati lilikuwa bado halijafika kwenye baraza la madiwani. Nikamfuata yule mama diwani ofisini kwake, nikamweleza kila kitu, pamoja na choo alichoingia kilikuwa cha nani. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaacha kucheka.

"Mheshimiwa, rudini mvua ikinyesha," nikamwomba. "Na msitupe taarifa."

"Tutarudi," akasema. "Lakini na kwa wenzenu tutakwenda mvua hiyohiyo. Siwezi kuwapendelea."

Walitokea asubuhi moja ya masika, yeye na afisa mipango miji, bila hodi ya mwenyekiti wala ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa sijatoka. Maji yalikuwa yameshapita kizingiti, ndoo iko katikati ya chumba inagonga matone, na mama amekaa ukingoni mwa kitanda na khanga yake ya kulalia. Alipowaona mlangoni, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye pazia. Nikajua atalivuta.

"Shikamoo, mama," diwani akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mama hakuuondoa mkono kwenye pazia. Alimtazama diwani kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umevaa viatu vizuri. Vivue, uje unishike. Nataka kwenda chooni."

Diwani alivua viatu. Yeye akashika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukaingia majini. Katikati ya uwanja mguu wake wa kushoto ulikwama kwenye tope, mama akayumba, na diwani akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zote, nusura tuanguke sote watatu. Tulimsubiri nje ya mlango wa bati, mvua inatupiga. Nililia, wala sikujificha. Nilijua kuomba kule kumemgharimu kiasi gani.

Siku ya baraza nilikaa viti vya wananchi. Diwani alieleza alichokiona kwetu. Akasema kwa wenzetu, siku hiyohiyo ya mvua, walipokelewa sebuleni kwa mpangaji mwenye nafasi, milango mingine imefungwa, na kamati haiwezi kutoa alama kwa kisichoonekana. Madiwani wakapitisha mradi wetu. Nilikimbia nyumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Mama alimshukuru Mungu, akanishika uso kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Na wale wenzetu?"

"Watasubiri bajeti nyingine."

"Kwani kwao mvua hainyeshi?"

Furaha ilikuwa imenijaa hata sikuwa nimewafikiria.

"Basi nenda ukawaeleze," akasema. "Wasirudie ujinga wetu."

Jumamosi nilikwenda. Mwanamke aliyenipokea alinivutia kiti barazani, akakifuta kwa upindo wa khanga, akaurudisha mlango wa chumba chake nyuma yangu taratibu, na kumwagiza binti yake abandike chai.

"Chai baadaye, dada yangu," nikamwambia. "Kwanza nionyeshe choo chenu."