Siku Niliyobaki Nimekaa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wangu watakwambia hasira zangu ziko karibu. Mtoto akisumbua namtoa nje, kelele zinakwisha. Nilidhani na watu wazima ni hivyo hivyo. Aliyeumia kwa ujinga huo ni mdogo wangu.

Yeye na rafiki yake, kijana aliyekimbia vita vya Djugu pamoja na mama yake, waliiba mabati ya kanisa letu jipya. Mimi niliimba kwaya humo, na mabati yale tuliyabeba wenyewe vichwani kutoka barabarani. Aibu ilinikaba. Mbele ya hakimu walikiri kosa. Hakimu akaeleza kwamba, kwa kuwa ni mara ya kwanza, anaweza kuwapa kifungo cha nje: kila mmoja akae kwa mtu wa kumchunga, aripoti kwa mwendesha mashtaka kila Jumatatu, na aliezeke lile paa la kanisa kwa mikono yake. Kisha akauliza:

“Nani iko tayari kumupokea huyu?”

Mama wa yule rafiki, aliyekuwa akilala chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi, alisimama. “Miye niko,” alisema. Hakuwa hata na mlango wa kumfungia.

Zamu ya mdogo wangu ilipofika, nilitazama viatu vyangu. Wazazi wetu walikwisha kufa, hapakuwa na mwingine wa kusimama. Nilijiambia jela itamnyoosha. Akapelekwa ndani.

Sikumtupa. Kila Jumapili nilimpelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo katika sufuria niliyoifunga uzi mwekundu, isije ikapotea kati ya sufuria za familia nyingine. Nusu iliishia kwa wafungwa wakubwa. Hao ndio waliomlinda, na ndio waliomfundisha. Aliingia akijua kubeba bati tu, akatoka akijua kuvunja kufuli.

Wakati huo rafiki yake alikuwa juu ya paa, akipigilia misumari mbele ya wale wale aliowaibia. Akina mama walimtania apigilie vizuri, maana mvua ikivuja wanajua pa kumpata. Jumatatu akichelewa kuondoka, majirani walimuuliza anangoja nini. Ilimkera, na siku nyingine alilia, mama yake aliniambia. Lakini hakuiba tena. Leo anaezeka nyumba za watu, na bati la jiko langu alilibadilisha yeye.

Mdogo wangu alipotoka nilimpa chumba, nikamhubiria. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema polepole, akiniita yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa:

“Yaya, mama ya mwenzangu alisimama. Weye ulikaa tu.”

Badala ya kumwomba msamaha, nilimkumbusha sufuria zangu zote. Hilo najuta kuliko yote.

Haikupita miezi mitatu, alikamatwa ndani ya nyumba ya watu pamoja na wenzake wa jela, safari hii wakiwa na mapanga. Siku ya hukumu niliwahi, nikakaa mstari wa mbele. Jina lake lilipotajwa tu, nikasimama.

“Miye niko,” nikasema, kwa sauti yangu ya darasani.

Hakimu alinitazama kwa upole, akaniambia niketi. Kwa kosa kama hili, alisema, swali lile haliulizwi.