Viganja vya Kumimina Asali

Nakumbuka jioni moja nilifika Itigi kwa baiskeli, nikashindwa kufungua kifungo cha shati langu mwenyewe. Usicheke, mjukuu wangu. Wewe kesho unaanza safari ya kwenda Rungwa, na asubuhi nimekuona unaushusha usukani wa baiskeli yako ili upendeze. Kaa hapo kwanza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, na mimi nilikuwa natoka huko huko Rungwa nilikokwenda kutafuta asali, nimefunga debe lake nyuma kwenye keria. Nilikuwa naipeleka Mwankoko kwa Mzee Hamisi, baba yake Zuhura. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake: anayeposa hatumi mtu. Asali anaileta mwenyewe, na mbele ya wazee anaimimina mwenyewe kutoka kwenye kibuyu, bakuli baada ya bakuli, bila kupumzika. Ikidondoka mkekani, anashukuriwa kwa adabu na kurudishwa kwao. Walikuwa wamesharudishwa vijana wenye ng'ombe wengi kunishinda. Na mimi Zuhura nilimpenda, nakwambia kweli, hata chakula kilikuwa hakipiti.

Sasa vijana wa Ikungi tulikuwa na mtindo wetu. Ukishapata baiskeli, kitu cha kwanza unalegeza nati, unaupindua usukani uangalie chini, halafu unaendesha umeinama, wasichana wakuone. Kwenda sokoni na kurudi, raha tupu. Lakini jaribu kutoka Rungwa hivyo, kwenye mchanga na mizizi, na debe nyuma. Mwili mzima unaegemea viganja. Kidole kidogo kilianza kuwaka moto, cha jirani yake kikafuata, kisha vyote vikafa ganzi. Nilipofika Itigi kwa Shangazi Mariamu, dada yake baba, mikono haikuwa yangu tena.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uji unaumwaga?"

Nikamweleza. Akatoka nje, akaiangalia baiskeli, akaniangalia na mimi.

"Kitu hiki ndicho kinachokupeleka kuoa?"

"Ndiyo mtindo, shangazi."

"Mtindo. Na hiyo asali utaimimina kwa mtindo?"

Shangazi alikuwa na ulimi, lakini hakuwa mtu wa kukusema akakuacha hivyo hivyo. Alikuwa anatwanga mtama, akanipa mchi. Nikaukamata kwa nguvu zote, yeye akaguna.

"Mbona unaukaba? Mimi natwanga tangu msichana na viganja vyangu vizima. Unaushika usianguke, basi. Kifundo cha mkono kinyooke, kiwiko kilegee."

Tukaazima spana kwa jirani. Tukaurudisha usukani kama ulivyotengenezwa, tukaupandisha mpaka ukazidi kiti kidogo. Akachana kanga yake kuukuu, akavisokotea vishikio, akakaza juu kwa vipande vya tyubu. Akanilaza siku mbili bila kunigusisha baiskeli, ananikanda mikono kwa maji ya moto. "Mwankoko haihami," akasema.

Nilipopita Ikungi, wenzangu walinicheka hadharani, eti nimekaa wima kama padri. Nikawapungia mkono. Na mkono ulipunga vizuri kabisa, mwanangu, vidole vyote vikiwa hai.

Mwankoko, wazee walikuwa wamekaa duara. Mzee Hamisi akasema neno moja tu: "Mimina." Nikakishika kibuyu kama nilivyofundishwa mchi, usianguke, basi. Asali ikashuka uzi mmoja mwembamba, bakuli la kwanza, la pili, la wajomba, la wageni. Nilipomaliza, bibi yake Zuhura, ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, akapiga magoti akaupapasa mkeka wote, polepole, mpaka pembeni. Akanusa vidole vyake.

"Mkavu," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa nyumba ile vilisikika mpaka ng'ambo ya mashamba. Mimi nililia wazi wazi, wala sikujificha. Na hadi leo nikimmiminia chai bibi yako, huyo hapo anayejifanya hasikii, lazima kwanza aupapase mkeka.

Kwa hiyo chukua spana, mwanangu. Usukani upandishe usiwe chini ya kiti. Vishikio vifunge kitambaa. Kifundo kisipinde, kiwiko kisikakamae, na usikabe. Mkono ukianza kuwaka, badilisha pa kushika, shuka utembee kidogo, uutikise, usingoje ganzi. Watakaokucheka njiani, wapungie. Safari haikuulizi ulipendeza vipi ulipokuwa unaondoka, inakuuliza umefika na nini.

Nenda, Mwenyezi Mungu akutangulie. Akufikishe na mikono yako mizima, na huko uendako akupe kitu kizuri cha kushika.