Sakafu Isiyoteleza ya Mama Julienne

Saa mbili asubuhi, nje ya duka la vifaa vya ujenzi pale Bukoto, Pélagie amevua ndala na kusimama juu ya kigae kimoja cha bluu. Anakimwagia maji ya sabuni, anasugua kisigino mbele na nyuma, na mara mguu unamponyoka. Anaudaka mlango wa duka huku akicheka mpaka machozi yanamtoka.

"Dada, wateja wako unawachagulia chapchap," anamtania Wanyama, Mkenya mwenye duka. "Sasa bafu ni yako mwenyewe, wiki nzima unanimalizia sabuni."

Pélagie ana haki ya kuchachawa. Tangu alipokimbia vita mashariki mwa Kongo miaka tisa iliyopita, Pélagie amekuwa fundi wa vigae hapa Kampala. Amepamba mabafu ya watu kuanzia Bukoto hadi Lubaga, kisha jioni akarudi kuoga nyuma ya turubai kwenye nyumba ya kupanga. Sasa amejenga vyumba viwili vyake, na bafu ndani.

"Mi silali," anasema. "Nafunga macho, naona taili tu."

Bafu lenyewe, hata hivyo, analijenga kwa ajili ya mama yake. Julienne aliteleza bafuni miaka miwili iliyopita, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, hofu ikabaki. Tangu hapo bibi huyo anafutwa mwili kwa kitambaa akiwa ameketi kitandani, na aibu imemnyamazisha mwanamke ambaye zamani sauti yake ilisikika soko zima.

"Kama Mama ataogopa hii bafu pia, basi nimejenga bure," anasema Pélagie, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki.

Ndiyo maana kigae cha bluu kinampa taabu. Anakipenda kupindukia, kwa sababu kina rangi ya Ziwa Kivu. Anakipapasa, anakirudisha, anakichukua tena. Hatimaye anaamua kitakaa ukutani, mahali ambapo hakuna anayekanyaga. Kwa sakafu anachagua vigae vidogo vya kijivu, vyenye uso wa kukwaruza, ambavyo wateja wengi huvipita bila kuviangalia.

"Watu wetu wanaoga na beseni," anaeleza. "Povu yote inamwagika chini. Taili ndogo iko na mistari mingi katikati, na ile mistari ndiyo inashika mguu."

Jumamosi, sakafu imekauka. Pélagie ameilaza kwa mteremko kidogo kuelekea tundu la maji. Mama Julienne anafika na mkongojo wake, anasimama kizingitini, anaikodolea macho. Anavua kiatu kimoja, anakanyaga, anausukuma mguu mbele. Hauendi.

"Mwaga maji," anaamuru.

Pélagie anamwaga.

"Na sabuni."

Anatia sabuni nyingi kuliko mtu yeyote angehitaji. Bibi anausukuma mguu tena, safari hii kwa hasira. Hauendi.

Anaingia na kufunga mlango. Nje, binti yake ameshika kitasa kwa mikono miwili. Maji yanasikika yakimwagika, kisha kimya, kisha maji tena.

"Nikimaliza hapa naanza na mabafu ya wazee," ananong'ona, maneno yakimtoka kwa haraka. "Lubaga kuko mama wengi wanaoshwa kitandani. Exaucée, jirani yangu, nitamufundisha kazi, tutaenda nyumba kwa nyumba."

"Pélagie," mama anaita.

Anausukuma mlango.

"Usiingie. Leta beseni ingine ya maji. Weka hapo, uende."

Anaiweka kizingitini na kurudi nyuma. Mkono wenye povu unatokeza, unaivuta beseni ndani, na mlango unafungwa. Pélagie anakaa chini uani na kulia kwa furaha, bila kumficha mtu.