Nyota ya Vijiti Vitatu

Mama mkwe wangu alitaka nyumba ing'ae. Alianza kulisema hilo mvua za Novemba zingali zinanyesha, na mimi niliyekuwa nimetoka ziwani na dumu la maji kichwani nikaitikia ndiyo, Mama, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubisha. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, pale Kashojwa ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Paa la nyasi lilivuja. Kung'aa kungetoka wapi?

Sababu niliijua. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa amejiunga na jeshi. Walimfundisha kazi Mbarara, kisha wakampeleka vitani kaskazini. Kabla ya kuondoka alimwambia mama yake kwamba atakula Noeli nyumbani. Mwanamume akishasema neno kama hilo huenda zake mwepesi; wanaobaki ndio wanaolibeba.

Mimi si mtoto wa Nakivale. Nilizaliwa katika kambi ya jeshi Mbarara, baba yangu akiwa askari, na Kiswahili ndicho kilichotulea. Mama mkwe alikuwa Mnyarwanda aliyekimbilia Kivu kwanza, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kuvuka kuja Uganda. Basi tulizungumza Kiswahili, yeye chake cha Kongo, mimi changu cha kambini, tukaelewana kadiri mama mkwe na mkamwana wanavyoweza kuelewana.

Kule kambini, sikukuu ikikaribia, askari walipaka rangi ya fedha kila kitu kisichoweza kukimbia: nguzo za lango, mlingoti wa bendera, hata ndoo za mchanga. Kwangu rangi ile ilinukia wali na nyama. Kwa hiyo nilipopata nafasi kwenye lori la ndizi nilikwenda Mbarara, kwa hajji mmoja aliyeuza misumari na rangi.

"Mama, hii rangi ya fedha wewe nataka ya nini?" aliniuliza. "Nyumbani iko bati?"

"Bati hakuna, hajji. Ni ya Krismasi. Mzee anarudi."

"Basi Mungu alete yeye salama," alisema, akanifungia kopo dogo kwenye gazeti.

Dhahabu nilijitafutia mwenyewe. Makopo ya mafuta ya msaada yana rangi ya dhahabu kwa ndani. Nililikata moja kwa kisu, nalo likanikata mimi. Karatasi zinazong'aa za ndani ya paketi za sigara nilizinyoosha kwa ukucha, nikazibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Mama mkwe alisimama nyuma yangu akielekeza, mikono kiunoni.

"Weka mingi pale fasi ya mulango," alisema. "Aone akiwa mbali."

Nyota niliazimia kuitengeneza kwa vijiti vitatu vya mkaratusi, vikatane katikati, vitoe ncha sita. Viwili nilivipigilia msumari nikavipaka fedha vizuri. Cha tatu kikapasuka. Sikuwa na nguvu ya kutafuta kingine, na mtungi ulikuwa mtupu. Nikaviegemeza vile viwili ukutani kando ya mlango vikauke, nikachukua dumu, nikaenda ziwani.

Niliporudi, uwanja wetu ulijaa watu walioketi chini. Wanaume walikuwa wameleta kuni, kama zinavyopelekwa msibani. Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyependa utani, alikuwa ameleta maziwa na hakuwa akitania. Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, wanawake wamemshika mabega. Dumu lilinitoka kichwani. Nilijua mume wangu amekufa.

"Nani ameleta habari?" nilimwuliza jirani.

Alinitazama kwa mshangao. "Habari si iko kwenu? Sisi tuliona musalaba."

Nikageuka nikatazama ukutani. Nakivale nzima, jambo ambalo sikuwa nimelizingatia, kitu pekee kilichopakwa rangi ya fedha kilikuwa misalaba ya makaburi. Na vijiti vyangu viwili vilikuwa msalaba mzuri kuliko yote. Wao walipouona walidhani tumepata habari. Mama mkwe alipowaona wakiingia na kuni, alidhani wao ndio wenye habari.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wao kwa kuni zao, na mama mkwe kwa kung'aa kwake, na zaidi yule aliyeahidi kuja kula. Nilipiga kelele kwamba ni nyota, ni nyota, bado kijiti kimoja. Watu wakainamisha vichwa. Jirani ndiye aliyeanza kucheka, huku akipangusa macho.

"Mutu banamulilia angali muzima," alimwambia mama mkwe akimwinua, "ataishi miaka mingi."

Mama mkwe alilishika neno hilo. Jioni ile ile nilitafuta kijiti cha tatu, nikapigilia, nikapaka, nikaitundika nyota juu ya mlango. Noeli ikaja, mume wangu hakuja. Tulikula sisi wawili, tukamwekea chake, asubuhi nikawapa kuku. Nyota, mama mkwe hakutaka niiteremshe. Kila jirani aliyepita aliambiwa kwamba mtu aliyeliliwa akiwa mzima huishi sana, nami nilichoka kulisikia, lakini usiku nililirudia peke yangu.

Mvua kubwa zilipokwisha, askari wawili walikuja na gari kutoka Mbarara. Waliketi, wakasema walilotumwa kusema, wakaondoka mapema kwa sababu ya barabara.

Mama mkwe hakulia. Aliniambia niiteremshe nyota. Akaiweka mapajani, akachukua panga, akaanza kuking'oa kile kijiti cha tatu kwa ncha. Msumari wangu ulikuwa umeshika, nikataka kumsaidia, akauondoa mkono wangu. Kilipotoka alinipa vile viwili vilivyobaki.

"Weka pale pale fasi uliviweka," alisema. "Batu bataona."