Siku Niliyosema Yule Mzee Alikataa

Vijana mnaosoma ukurasa huu, hasa nyinyi mliorithi majaruba ya mpunga yaliyokwisha kusawazishwa na migongo ya watu wengine, leo sina la kuwachekesha sana. Mwenzangu amefariki. Habari nililetewa Jumatatu na binti yake, aliyenipigia simu kutoka Mikumi, alikohamia mama yake alipoanza kushindwa na jembe. Binti alisema, “Shikamoo, mama.” Nikaitikia marahaba. Kisha akanyamaza, nami nikajua, kwa sababu kwa umri wangu simu ikinyamaza baada ya shikamoo hakuna tena cha kuuliza. Tulimzika kwao Kisanga, kama alivyotaka. Watu walimsifu vizuri. Zamu yangu ilipofika nilisema alikuwa mchapakazi, nikaketi. Nilikuwa na jambo lingine la kusema na nikalimeza. Nimeshalimeza miaka mingi mno, sasa nalitoa hapa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa walichaguliwa wanawake wakulima wachache kwenda nje kujifunza kilimo. Kutoka kijiji chetu, nje kidogo ya Chanzuru, tulichaguliwa wawili, yeye na mimi. Yeye alikuwa amesoma kwa wamisionari. Mimi nilikuwa nimetoka juzi tu kwenye darasa la ngumbaru, najua kuandika jina langu na kusoma ubao wa duka. Tulipoambiwa tunakwenda Sri Lanka, kisiwa ambacho wazee bado walikiita Seiloni, watu walituonea huruma. Msafara wa kabla yetu ulikuwa umekwenda China, ukarudi na habari za viwanda na matrekta. Jirani mmoja alituuliza kisimani, “Huko kisiwani kwenu kuna nini?” Mwenzangu akamjibu, “Kuna maji pande zote, hatutakuja kukuomba ndoo.” Tulicheka, lakini kweli hata sisi wenyewe hatukujua tunafuata nini. Hata mkuu wetu wa msafara, aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza, alionekana kama mtu aliyepewa kipande cha mwisho cha mkate.

Nawaambia, niliona nchi. Nilidhani nitaona ugeni, nikakuta mbuzi ya kukunia nazi imewekwa jikoni vilevile, mama ameikalia vilevile. Udongo ulikuwa mwekundu kama wa njia ya kwenda Berega. Ndani kabisa ya kisiwa, kwenye mashamba ya mpunga, tuliona vibanda vimejengwa juu ya miti, na mimi na mwenzangu hatukuuliza ni vya nini. Mtu wa upande wa Mikumi haelezwi habari za tembo na mazao. Maofisa wa mjini tuliofuatana nao kwenye msafara ndio waliouliza, na walipojibiwa wakaanza kutembea katikati ya kundi. Siku moja mama wa nyumba tuliyofikia alitupakulia chakula chenye nyuzinyuzi ndani ya rojo la nazi. Mwenzangu akatafuna, akaninong'oneza, “Nyama gani hii?” Nikamwambia, “Sungura.” Nilisema kwa uhakika wote, maana sikupenda kuonekana sijui. Kumbe ni fenesi bichi! Alinitania kwa hilo mpaka uzee wetu, kila akipita fenesi sokoni ananiambia, “Mwenzangu, sungura wako hawa, wamenona.”

Lakini kilichobaki ni jambo la bwawa. Kule kila kijiji huwa na bwawa lake, tuta refu la udongo lililojengwa na mababu, na chini yake majaruba yamepangana kama ngazi. Mwaka ule mvua ilikuwa imewanyima, bwawa limeshuka mpaka matope ya pembeni yamepasuka. Tukaona majaruba ya juu, yale yaliyo karibu na maji, yamekatwa vipandevipande kwa kamba zilizofungwa kwenye vijiti. Tukaelezwa hivi: maji yasipotosha mashamba yote, ya chini huachwa yakae makavu, yakalimwa ya juu tu. Lakini ya juu hayalimwi na wenyewe peke yao. Kwa msimu huo mmoja hugawanywa kwa familia zote, hata zile ambazo mashamba yao yako mwisho kabisa. Mavuno yakishaingia ndani, kamba zinafunguliwa, kila mtu anarudi kwake. Mwenzangu akauliza, “Na mwenye jaruba anakubali?” Mwenye jaruba alikuwa amesimama hapo hapo, mzee mwenye shuka nyeupe kiunoni. Akaulizwa. Akayumbisha kichwa huku na huku, bega hadi bega. Nikamgusa mwenzangu: “Unaona? Amekataa. Wanamlazimisha.” Mkuu wetu alipowatafsiria wenyeji, wote pale tutani walicheka, kisha akatufahamisha kwamba kisiwani kule kichwa kikiyumba hivyo ni ndiyo. Tuliyumbisha vichwa safari nzima iliyobaki. Hata kwenye ndege ya kurudi mwenzangu aliulizwa kama atakunywa chai, akayumbisha kichwa, na chai akaletewa.

Shikeni hilo, kwa sababu miaka miwili baadaye masika yaligoma kwetu. Mto ulishuka, na mfereji wetu ukawa unaishia katikati ya mashamba. Sisi tuliofika mwanzo ndio tuliokuwa na majaruba ya juu, karibu na banio linaloingiza maji mferejini. Lake lilikuwa la kwanza, langu la pili. Waliokuwa chini ni wale walioshushwa kutoka milimani wakati wa kuhamia vijijini. Walikuta penye maji pamekwisha kuchukuliwa. Bila mpunga wa msimu ule hawakuwa na kitu, maana mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti. Mkutano ukaitwa kwenye uwanja wa shule. Mwenzangu akasimama, akaeleza habari ya kamba kama nilivyowaeleza nyinyi hapa. Watu wa juu wakaguna. Mmoja akasema, “Dada, hayo ya safarini waachie wenye safari.” Ndugu Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, akasema, “Walikwenda wawili. Ndugu yetu mwingine, wewe ulionaje?”

Nikasimama. Nilikuwa na watoto watano na jaruba ambalo maji yalikuwa bado yanalifikia. Nikasema, “Mimi nilimwona mwenye jaruba akiulizwa. Alifanya hivi.” Nikatikisa kichwa mbele ya kijiji kizima, kwa namna yetu sisi, ya kukataa.

Kelele zilizopigwa! “Basi! Hata kisiwani kwao wamekataa!” Mwenzangu akanitazama. Nilingoja aseme. Neno moja lingetosha, kwamba huyu anajua kichwa kile maana yake nini, huyu aliyumbisha kichwa mpaka shingo ikamuuma. Angelisema, nisingekuwa na pa kuweka uso. Akasema tu, “Mwenzangu aliona kichwa. Mimi niliona kamba. Kesho nazifunga kwangu.” Asubuhi akazifunga. Jaruba lake akalikata mafungu manne, akaita familia tatu za chini, yeye akabaki na fungu moja. Mumewe, Mungu amrehemu naye, alikuwa akisema, “Mke wangu alikwenda kutembea, akanirudia na wageni wa kulima.” Lakini alishika jembe akawasaidia kutengeneza vijituta vya mipaka.

Mimi nililima langu lote. Mpunga ulikubali, ukashika vizuri. Mama mmoja wa chini, ambaye nilikuwa nikiteka naye maji kila siku, hakupata fungu kwa mwenzangu kwa sababu mafungu yalikwisha. Aliondoka na watoto wake kurudi milimani kwa ndugu zake. Alinipitia kuaga, akanishukuru kwa ujirani. Hakurudi tena. Kwangu angeenea, na chenji ya nafasi ingebaki.

Baada ya mavuno nilimfuata mwenzangu nyumbani kwake, akiwa anapepeta mchele. Nikamwuliza, “Kwa nini hukunisema pale?” Hakuacha kupepeta. “Ningekusema, wewe ungefunga kamba?” Nikamwambia ukweli, nisingefunga. “Basi ningepata nini? Mbegu nilikuwa nimeshaloweka. Sikuwa na muda wa kukuaibisha.” Kisha akanipakulia chakula tukala. Hilo jambo hakulitaja tena mpaka Jumatatu iliyopita alipofumba macho.

Nimelifikiria sana. Enzi zile neno ujamaa tulikuwa tunaliimba asubuhi na jioni, na mimi sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wengi. Sitaki kuwasikia mkiidharau miaka ile, kwa sababu ndiyo iliyonipa kalamu mkononi. Lakini nilichokiona kisiwani hakikuwa na wimbo. Walikuwa na kamba, vijiti, na makubaliano yenye mwisho wake. Mwenye shamba hakunyang'anywa, mwenye shida hakufukuzwa. Sisi huogopa kutoa kwa kudhani tukitoa leo tumetoa milele, kwa hiyo tunakaa na jaruba zima huku jirani anafunga mizigo. Na hakuna aliyenidanganya. Nilikwenda, nikaona, nikaelezwa nikaelewa, halafu nikaligeuza nililoliona ili linifae mimi. Siku hizi nanyi mnasafiri, mnarudi na picha kwenye simu, mnatuonyesha majengo. Sawa. Mimi nitawapima kwa lile mtakalolifanya likiwagharimu nyinyi wenyewe.

Mwaka huu maji ya mfereji yameanza kusuasua. Mwanangu mkubwa amekwisha kununua pampu, anataka kuvuta yaliyobaki yatutoshe sisi. Nilipotoka mazishini niliwaita yeye na ndugu zake, pamoja na wake zao, kesho yake asubuhi, kabla mtu hajashika jembe. Sikuwaomba maoni. Niliwaambia: “Jaruba letu linagawanywa msimu huu. Pampu itamwagia wote. Nendeni sasa hivi mpaka nyumba ya mwisho kule chini, mkaulize nani hajafikiwa na maji. Huyo ndiye atakayechagua kipande kwanza, na sisi tutachukua kitakachobaki.”