Taa za Bustani Zinahojiwa

Kabla ya kuwasha taa za bustani, fundi wetu wa umeme huzihoji. Mama huyu huchutama mbele ya kila taa, hufungua waya zake, hubana mega, kile kipimo kinachomwonyesha kama umeme unavuja, na kuiambia, "Haya mwanangu, sema ukweli." Namba ikipanda, huipigapiga taa kichwani: "Umefaulu." Ikishuka, hucheka mpaka bisibisi inamdondoka kutoka nyuma ya sikio.

Jioni ya arusi ya mpwa wangu mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mega, ilipopima waya wa bustani nzima, ilisoma chini kabisa. Dada yangu, mama wa bibi arusi, akashika kichwa. "Fundi, washa hivyohivyo, wageni wako njiani!"

"Dada, wageni wana watoto, na watoto hushika kila kitu." Akaitia kufuli swichi ya bustani, ufunguo akauficha kifuani, akaendelea taa kwa taa. Zote zikafaulu. Mkosaji alikuwa kisanduku cha maungio ya waya karibu na lango, kimejaa maji. "Kumbe wewe unaoga tu!" akacheka. Akayamwaga, akabadilisha mpira wa kifuniko, kisha akaomba mashine ya kukaushia nywele. Ilikuwa moja tu, na bibi arusi alikuwa anaitumia. Akaileta mwenyewe, nywele za upande mmoja bado zimelowa chapachapa.

Kisanduku kikakauka, namba zikapanda, bustani ikawaka. Fundi akamgeukia bibi arusi, akamkagua, akampigapiga kichwani.

"Unyevu upo, mwanangu," akasema, "lakini umefaulu."